Neno la Kumwambia Daktari

Mama yangu alikuja Garissa juu ya lori la mbuzi, katikati ya miaka ya tisini, wakati wa kiangazi ambacho kila mtu alikuwa amechoka hata kukizungumzia. Alishukia soko la mifugo, akaulizia nyumba ya mwalimu wa Kiswahili, akaletwa mpaka mlangoni na watu asiowajua. Mimi nilikuwa nimetoka darasani, chaki ingali vidoleni, nimejilaza kwenye sakafu ya saruji kutafuta ubaridi. Niliiona miguu yake kwanza. Sikuwa nikimtarajia. Kutoka kwetu Hadado, huko Wajir, mpaka kwangu ni safari ya kuvunja mgongo, na mama hakuwa mtu wa kusafiri bila sababu.

Sababu yenyewe sikumuuliza. Kwetu Wasomali mgeni haulizwi hivyo. Anaulizwa kama ni amani, naye anajibu ni amani, hata kama ameacha maiti nyuma yake. Unamuuliza watu: amani. Ngamia: amani. Mvua: amani, na mvua yenyewe haijanyesha. Chai inaletwa, inanywewa, miguu inanyooshwa, ndipo mgeni anakohoa kidogo na kusema, "Sasa habari zenyewe." Hapo ndipo unajua kwamba ng'ombe wamekwisha, fulani amezikwa, kisima kimekauka. Jibu la kwanza ni la adabu, la pili ndilo la kweli. Watu wa nje wakisikia lile la kwanza huandika kwamba sisi hatuna shida, wakaenda zao.

Basi mama alikunywa chai, akatoa habari. Alianza na ngamia, akaja kwa mbuzi, akaja kwa majirani, akaja kwa ndugu zangu wa kiume na wake zao. Mwishoni kabisa, akiwa amekwisha kugeuza uso kutazama ukuta, alisema, "Na tumbo linanisumbua kidogo."

Nilijua uzito wa hilo neno "kidogo" kinywani mwake. Aliwahi kuvunjika mkono akasema umeteguka kidogo.

Lazima niseme pia kwamba mimi na mama hatukuwa tumekaa nyumba moja tangu nikiwa mdogo. Mwaka mmoja wa njaa alinipeleka kwa shangazi yangu, dada ya baba, aliyekuwa ameolewa mjini, yeye akabaki na ndugu zangu. Kwa shangazi ndiko nilikosoma, na ndiko nilikopata hiki Kiswahili kinachonilisha. Mama alikuwa akija mara moja moja na samli kwenye kibuyu, tunaongea habari za mbuzi, anaondoka. Jambo lile la kupelekwa hatukuwahi kuligusa. Lilikaa kati yetu kama mgeni ambaye hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kumuuliza ataondoka lini.

Kesho yake niliomba ruhusa shuleni nikampeleka hospitali.

Tulikaa kwenye benchi tangu asubuhi mpaka jua likawa utosini. Daktari aliyekuwa zamu alikuwa mtu wa Kenya. Ndivyo tulivyowaita watu wote waliotoka ng'ambo ya daraja la Tana, kana kwamba sisi wa upande huu tulikuwa nchi nyingine. Kwa jinsi askari wa darajani walivyovikagua vitambulisho vyetu, nadhani hata wao walikuwa na fikra hiyo hiyo. Daktari alikuwa kijana bado, lakini macho yake yalikuwa mekundu na koti lake jeupe lilikuwa limepoteza weupe. Alimtazama mama, akanitazama mimi.

"Mama, maumivu yakoje?"

Nikamfasiria. Mama akavuta shela yake ikakaa vizuri kichwani, akaangalia chini, akasema, "Alhamdulillah. Waan sabrayaa."

Daktari akaningoja.

Mimi ni mwalimu wa lugha, na kazi ya mwalimu wa lugha ni kuwa na maneno mengi kuliko anayoyahitaji. Yalinijia yote kwa pamoja. Ningeweza kusema "anasubiri," maana neno la mama na hilo ni ndugu wa baba mmoja, lakini daktari angedhani anasubiri zamu. Ningeweza kusema "anastahimili," ila hilo ni neno la vitabuni na la hotuba za sikukuu, halitoki vizuri penye harufu ya dawa. "Anahimili" ni la daraja na lori, kitu ambacho mtu amekwisha kukipima uwezo wake. "Anavumilia" ndilo la kila siku, ndilo alilolizoea, lakini lina unafuu ndani yake: anayevumilia bado anaweza. Na mama hakusema kwamba anaweza. Alisema kwamba kinachouma kinauma, kwamba aliyekileta anajulikana, na kwamba yeye hawezi kumshtaki aliyekileta mbele ya mtu baki. Hayo yote kwa maneno mawili. Tafuta wewe neno la Kiswahili la kuyabeba, na foleni imefika getini.

"Anavumilia," nikasema.

"Vizuri," daktari akasema.

Akambonyeza tumbo juu ya nguo, kwa sababu mama hakukubali nguo ipandishwe. Hakupepesa hata jicho. Daktari akatupa vidonge vya tumbo na vya maumivu, akasema akizidiwa tumrudishe. Njiani mama alisema kijana yule anaonekana hali vizuri, na kwamba mama yake angemwona angelia.

Siku zilizofuata nilianza kumchunguza. Alikuwa hali. Nikimletea maziwa anayapokea kwa mikono miwili, anasema bismillahi, anayanusa, na nikigeuka anampa paka. Alifagia ua uliokwisha kufagiliwa. Alizishona nguo zangu zote zilizochanika, hata zile nilizokuwa nimeamua kuzitupa. Lakini kilichonitisha ni sala zake. Alikuwa akisujudu muda mrefu, mrefu kupita kiasi, mpaka nikawa ninasimama mlangoni nikingojea ainuke. Mwanzoni nilifikiri ni ucha Mungu wa uzeeni. Baadaye nikaona jinsi anavyoshuka, akijikusanya polepole, na jinsi uso wake unavyolegea paji linapogusa mkeka. Ile ndiyo ilikuwa namna pekee ya kukaa ambayo haikumuuma. Mama yangu alikuwa akipumzika ndani ya sala.

Na kwa bahati mbaya, wiki ile silabasi ilikuwa imefika kwenye visawe.

Nilisimama mbele ya darasa la saba, joto la mabati linatushukia kichwani, nikaandika ubaoni: vumilia, stahimili, himili, subiri. Watoto wakanakili. Walipenda maneno yanayofanana. Waliyaona ni zawadi, manne kwa bei ya moja. Nikawaambia watoe mifano, wakanipa methali, kama ilivyo ada. Mvumilivu hula mbivu. Subira huvuta heri. Nilizichukia methali zote mbili siku ile. Mbivu zenyewe zilizoliwa Hadado mwaka ule ni zipi?

Msichana mmoja wa dawati la nyuma, mtoto wa wafugaji wa Buna aliyekuwa akikaa kwa mjomba wake, akainua mkono. "Mwalimu, mtu akifumilia sana sana, anakuwa nini?"

"Anakuwa mfumilifu!" wenzake wakamjibu kwa pamoja.

"Na ikimshinda?"

Nikasema ikimshinda, imemshinda, basi, wafungue ukurasa unaofuata.

Jirani yangu alikuwa mwalimu mwenzangu, mwanamke wa kutoka Kenya, tukitenganishwa na ukuta mmoja. Ndiye aliyeniambia habari ya gari. Daktari wa upasuaji alikuwa amehamishwa na mwingine alikuwa hajaletwa, kwa hiyo waliohitaji kupasuliwa walikuwa wakipelekwa Nairobi kwa gari la hospitali, likifuatana na msafara wa askari kwa sababu ya majambazi wa barabarani. Nafasi zilikuwa za kuhesabu kwa vidole na gari halikwenda kila wiki. Daktari yule yule mwenye macho mekundu ndiye aliyechagua nani apande.

"Na anawachaguaje?" nikamuuliza.

"Mwalimu, atachagua vipi? Anayepiga nduru ndiye mgonjwa." Alinitazama kama anayemtazama mtoto. "Nyinyi watu wa huku mna shida moja. Mnakufa na adabu yenu. Mwambie mama apige nduru. Mficha maradhi, kilio humfichua."

Nilirudi ndani nikamwambia mama. Nilimwambia kwa upole, kwa kuzunguka, kwamba kule hospitali watu hupimwa kwa sauti zao, na kwamba si vibaya mtu akionyesha kidogo yanayompata. Mama alikuwa akikunja nguo. Aliacha kukunja.

"Nilie?" akasema. "Nilie mbele ya mwanamume wa watu, mdogo kuliko wanangu?"

"Si kulia, hooyo," nikamwita mama kwa lugha yetu. "Kusema tu."

"Nimesema. Aliniuliza, nikamjibu."

"Ulimjibu jibu la kwanza."

"Kwani yeye alikaa nikampa la pili?"

Kisha akanyoosha kidole, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi. "Na wewe ni ulimi wangu pale. Ulimi wa mtu ni amana. Usiniongezee chumvi. Ukimwambia nimesema ninakufa na mimi sijasema, nitasikia. Nimeuza samli Wajir kwa askari na makarani, Kiswahili cha uongo ninakijua kikipita."

Nilikasirika. Nilitoka nje nikakaa kwenye kivuli cha tangi la maji, nikakasirika na kila mtu: mama, daktari, jirani, na yule aliyemhamisha daktari wa upasuaji. Hasira yenyewe ilikuwa imechoka, haikuweza hata kunisimamisha. Nilichotaka kilikuwa kimoja, neno moja la Kiswahili ambalo lingekuwa la kweli kwa mama na lingempandisha kwenye gari. Nilikuwa nimelipwa mshahara miaka yote ile kwa kujua maneno, na neno hilo sikuwa nalo.

Tulirudi hospitali siku moja kabla ya gari kuondoka. Benchi lilikuwa limejaa. Mwanamke mmoja alikuwa amelala sakafuni akiita mama yake na baba yake na mawalii wote, na watu walikuwa wakimpisha. Mama alimtazama kwa huruma, akavua kandambili zake, akamwekea chini ya kichwa. Yeye mwenyewe aliketi wima kama aliyekuja kumjulia mtu hali.

Zamu yetu ilipofika, daktari alikuwa amechoka kuliko mara ya kwanza. Hakututambua. "Mama anaendeleaje?"

"Alhamdulillah," mama akasema. "Waan sabrayaa."

"Daktari," nikasema, "hilo neno analolisema, kwa lugha yetu..."

"Mwalimu." Alikuwa amekwisha kuliona vumbi la chaki begani mwangu. "Watu wote walioko nje wana lugha. Niambie tu. Anaumwa sana, au haumwi sana?"

Chumvi ilikuwa mkononi mwangu na mama alikuwa akinitazama.

"Anasema nini huyu?" mama akaniuliza.

"Anauliza kama unaumwa sana."

"Ameniuliza habari zangu mara mbili sasa. Kuna aliyemuuliza zake?"

"Hooyo, hapa si nyumbani. Watu wanangoja."

"Muulize. Kwao ni amani?"

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Lakini nilikuwa nimeambiwa nisiongeze, na nadhani hata kupunguza ni kuongeza kwa namna yake. "Daktari, mama anauliza, kwenu ni amani?"

Aliinua uso. "Salama. Mwambie salama."

Nikamwambia. Mama akatikisa kichwa. "Hilo ni la kwanza. Mwambie atoe la pili. Mwambie akae."

Daktari alikuwa amesimama muda wote, mkono mmoja umeegemea meza. Sijui ni kwa nini alikaa. Pengine magoti yake yalikuwa yakitafuta kisingizio. Alikaa, akacheka kidogo bila furaha, akajisugua macho. Kisha akasema kwamba kwao mvua haikunyesha pia. Kwamba mke wake alijifungua mtoto wa kike na yeye hajamwona. Kwamba aliomba uhamisho, hakujibiwa. Kwamba malaria ilikuwa imempata na kumwacha na kumrudia, na kwamba chumba alichopewa kilikuwa na joto kiasi kwamba alilala kwenye veranda na mbu. Aliyasema yote akiitazama meza. Nikayafasiri yote, moja moja. Mama alisikiliza kama anavyosikilizwa mtu aliyetoka mbali, akiitikia kila sentensi kwa koo, na mwisho akamwombea dua fupi kwa ajili ya mtoto. Nje mtu aligonga mlango. Daktari hakujibu.

"Sasa ni zamu yangu," mama akasema. "Mwambie neno kwa neno."

Nikawa ninasema anavyosema, kwa "mimi" yake.

"Tumbo hili lilianza kabla mvua ya mwisho haijakosa kuja. Mwanzoni lilikuwa kama kitu kidogo kimelala. Mzee wetu wa kuchoma alinichoma kwa chuma cha moto, nikapata nafuu. Akanichoma tena, sikupata. Siwezi tena kumpandishia punda maji. Maziwa yakiingia yanarudi. Nikikaa linauma, nikilala linauma, nikisujudu linanyamaza kidogo, kwa hiyo ninamshukuru Mungu kwa kutupa sala nyingi."

Daktari akatabasamu, mama akatabasamu. Mimi sikutabasamu.

"Mbuzi wangu nimewagawia wanangu nikiwa hai, wasije wakagombana. Nimepita Hadado boma kwa boma, nimeomba msamaha kwa kila niliyemkosea, kwa maneno, kwa maji, kwa malisho. Wote wamenisamehe. Mimi sikuja Garissa kutafuta dawa. Nimekuja kwa sababu amebaki mmoja."

Nilikuwa nimezoea mwendo ule, yeye anasema, mimi ninasema, na mdomo wangu ulifika mwisho wa sentensi kabla akili yangu haijafika. "Nimekuja kwa sababu amebaki mmoja," nikasema kwa Kiswahili safi, kisha nikasikia nilichosema.

"Nani?" daktari akauliza.

Sikumfasiria mama swali hilo. Alilielewa mwenyewe. Alininyooshea kidevu.

"Huyu. Mwaka wa njaa nilikuwa na watoto watatu na maziwa yasiyomtosha mmoja. Ilibidi mmoja aende. Nilimtoa huyu kwa sababu alikuwa halii. Wale wengine wangelia njia nzima, wangenirudisha. Huyu ukimwambia kaa, anakaa. Ukimwambia hakuna, anakubali hakuna. Alikuwa na subira kuliko mimi niliyemzaa. Nikasema huyu ataweza. Sikumuuliza kama anaweza, na mpaka leo sijamuuliza."

Daktari alikuwa akiningojea. Nilifungua mdomo. Nilikuwa na maneno yote manne pale, yale ya ubaoni, yamejipanga. Alikuwa akivumilia. Alikuwa akistahimili. Nilimwona yule mtoto mwenyewe, amekaa kwenye kizingiti cha nyumba ya shangazi na kifurushi chake, akitazama barabara ya vumbi, akijizuia, akiona fahari kwamba hajalia. Ningemwita nani? Kwa muda wa miaka mingi nilikuwa nimejiambia kwamba nilipelekwa kwa sababu nilikuwa na akili za shule.

"Amesema nini?" daktari akauliza.

"Amesema ni mimi," nikasema. "Ni mimi aliyebaki."

"Hujayasema yote," mama akasema.

"Yamenishinda," nikamjibu, na kumbe nilikuwa nimemjibu kwa Kiswahili.

Daktari alitutazama, kwanza mmoja, kisha mwingine. Hakuuliza tena. Aliinuka, akamwita muuguzi wa kike, akatoka akafunga pazia. Nyuma ya pazia, nami nimebaki humo kufasiri, mama alikubali nguo ipandishwe. Niliziona alama za chuma, mviringo mmoja na mwingine na mwingine, zimeuzunguka upande wa kulia wa tumbo lake, nyingine zimepona na nyingine bado mbichi. Alikuwa amesema alichomwa akachomwa tena, hakusema zaidi. Muuguzi aliweka kiganja katikati ya zile alama, akakitoa haraka, akaenda kuongea na daktari kwa sauti ya chini. Daktari alirudi akaniambia gari linaondoka asubuhi, mama awepo kabla jua halijatoka, na kwamba mimi nitafute basi niwafuate kwa sababu ndani hakuna nafasi ya mtu mzima wa afya.

Alipasuliwa huko Nairobi, akatolewa uvimbe, akarudi baada ya wiki nyingi akaishi na kunilalamikia juu ya mambo mengi. Ninalisema sasa ili nisimweke mtu roho juu. Lakini asubuhi ile ya gari hakuna aliyelijua hilo, na mimi kuliko wote sikulijua.

Uwanja wa hospitali ulikuwa na baridi ile fupi ya Garissa ambayo hufa jua likichungulia. Askari wa msafara walikuwa wamekwisha kuwasha gari lao. Mama aliwekwa kwenye kiti cha dirishani, amejifunga shela mpya ya jirani yangu, aliyekuja na uji kwenye chupa. Nilimpa mkono kupitia dirishani. Aliushika, hakuuachia.

"Sasa," akasema. "Safari ni safari. Nisamehe."

Kwetu hilo haliombwi mara mbili. Mtu akiondoka anaomba, unasema nimekusamehe, naye anaenda akiwa mwepesi. Unasema hata kama una kisu moyoni. Muuguzi alikuwa akisikiliza. Jirani yangu, ambaye hakujua Kisomali, alielewa kutokana na nyuso zetu.

"La," nikasema.

Mama akadhani hakusikia. "Hooyo, nisamehe." Ndivyo alivyoniita, maana kwetu mama humwita mtoto wake kwa jina lile lile analoitwa yeye.

"Sijakusamehe. Nenda, urudi, tutaongea."

"Wewe una wazimu? Nikifia njiani?"

"Ukifia njiani utakuwa umekwenda na haki yangu."

Jirani alinishika bega. Mzee mmoja aliyekuwa ndani ya gari alipiga kelele kwamba mwalimu gani huyu asiyemsamehe mama yake. Sijui mpaka leo kama nilikataa kwa ujanja, ili abaki na kitu cha kumrudisha, au kwa sababu kweli nilikuwa sijamsamehe. Nilitaka kulia na sikulia, na hilo nalo lilinichosha, kwamba hata pale nilikuwa ninaweza kujizuia.

Nilimwona akikasirika, hasira ya kweli, ile ya mwanamke ambaye mipango yake yote imekwenda sawa mpaka ikafika kwa mtu mmoja mkaidi. Alikuwa amemaliza na dunia nzima, na mimi nilikuwa nimemfungia mlango. Aliuachia mkono wangu. Akajishika tumbo kwa mikono miwili, mbele ya askari, mbele ya yule mzee, mbele ya wanaume wote wa watu, akakunja uso wake wote, akamgeukia muuguzi.

"Hii tumbo nauma mimi sana," akasema kwa Kiswahili chake cha kuuzia samli, kwa sauti iliyofika mpaka getini. "Ambia derefa biga mbio!"